Sokwe Wawili wa Yale: Uchambuzi wa Kikao cha London, 1935

Mwishoni mwa Julai 1935 madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka nchi nyingi walikutana London kwa Kongamano la Pili la Kimataifa la Nyurolojia. La kwanza lilikuwa limefanyika Bern, Uswisi, mwaka 1931. Safari hii nafasi kubwa ilipewa mada moja: kazi za sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, ile inayokaa nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo ilikuwa imewasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Ikiumia, mgonjwa hapoozi, hapofuki, wala hapotezi usemi. Anaamka kitandani, anasalimia, anajibu maswali, na daktari anabaki akijiuliza eneo kubwa namna ile linafanya kazi gani.

Katika hotuba moja ya kongamano hilo yalisemwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa limepimwa kwa majaribio yaliyorudiwa mara nyingi. La pili lilikuwa maelezo ya hasira za mnyama mmoja. Lililotoka ukumbini na kuingia chumba cha upasuaji ni hilo la pili, na safari hiyo haikuchukua hata miezi minne.

Kisa hiki hufundishwa kama historia ya lobotomia, yaani upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutibu magonjwa ya akili, na lawama zote hutupiwa Egas Moniz, daktari wa Ureno aliyeuanzisha. Tunakichambua hapa kwa jicho lingine, kama kisa cha mkutano wa kitaalamu: nini kiliwasilishwa, wasikilizaji walibeba nini, na maswali gani yangeweza kuulizwa palepale na mtu mwenye kalamu na karatasi tu.

Kilichokuwa mezani

John Fulton wa Chuo Kikuu cha Yale alikuwa mtaalamu wa fiziolojia, yaani kazi za viungo vya mwili. Mwenzake Carlyle Jacobsen alikuwa mwanasaikolojia. Katika maabara yao huko New Haven walikuwa na sokwe wawili wa kike, Becky na Lucy.

Kifaa chao kikuu kinaweza kutengenezwa juu ya meza yoyote: vikombe viwili vilivyofunikwa kifudifudi, kipande cha chakula, na ubao wa kuzuia macho. Sokwe anatazama chakula kikifichwa chini ya kikombe kimoja. Ubao unashushwa. Zinapita sekunde kadhaa, au dakika kadhaa. Ubao unainuliwa, naye anaruhusiwa kugusa kikombe kimoja tu. Akikosea, hapati kitu. Mpimaji hubadilisha upande wa kushoto na wa kulia bila utaratibu unaotabirika, vinginevyo mnyama atashinda kwa mazoea ya mkono bila kukumbuka lolote.

Alama za jaribio hili husomwa vibaya mara nyingi, hata leo. Vikombe vikiwa viwili, anayebahatisha atapatia nusu ya mara zote. Kwa hiyo asilimia 50 si “nusu ya uwezo”, ni sifuri. Na katika majaribio 20, anayebahatisha tupu anaweza kufikisha 14 au zaidi karibu mara sita katika kila mia, lakini 15 au zaidi karibu mara mbili tu. Tofauti ya jibu moja inabadilisha kabisa uzito wa ushahidi. Mwasilishaji anayeonyesha asilimia bila kutaja idadi ya majaribio anamnyima msikilizaji kitu anachokihitaji kuliko vyote.

Upasuaji ulifanywa kwa awamu mbili. Kwanza iliondolewa sehemu ya mbele ya upande mmoja wa ubongo, na mabadiliko yalikuwa madogo. Baadaye ukaondolewa upande wa pili. Hapo ndipo sokwe wote wawili waliposhindwa jaribio la vikombe, hata muda wa kusubiri ulipofupishwa sana. Macho yalikuwa mazima, mikono ilikuwa na nguvu, hamu ya chakula ilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kushika jambo kichwani pale linapoondoka machoni.

Jaribio la pili lilithibitisha hilo kwa njia nyingine. Chakula kiliwekwa mbali na mkono, na karibu yake fimbo za urefu tofauti: fupi ya kuvutia ndefu, ndefu ya kuvutia chakula. Vitu vyote vikiwa mbele yake, sokwe aliyefanyiwa upasuaji aliweza kutatua. Lakini vilipogawanywa kwenye majukwaa mawili ya pande mbili za kizimba, akalazimika kuacha kimoja ili akatafute msaada kwenye kingine, kazi ilimshinda. Akigeuza mgongo, kile alichokiacha nyuma kilikuwa kama hakipo.

Huo ndio ugunduzi. Wanyama wawili, mwelekeo mmoja, vipimo vya kabla na baada, na majaribio mawili ya aina tofauti yanayoelekea jibu lilelile.

Kisha kuna habari ya tabia. Kabla ya upasuaji Becky alikuwa hawezi kabisa kuvumilia kukosea. Alijitupa sakafuni, akagaagaa, akajichafua, na baada ya siku kadhaa za makosa alikataa hata kuingia kwenye chumba cha majaribio. Baada ya kuondolewa pande zote mbili aliingia bila kusukumwa, akakosea, akakosea tena, na hakujali. Jacobsen alimfananisha na mtu aliyejiunga na dhehebu la furaha na kumtwika Mungu mizigo yake yote. Mfano mzuri wa aina hiyo, ukitamkwa katikati ya hotuba iliyojaa takwimu za vikombe, unakaa kichwani mwa msikilizaji kuliko takwimu zote.

Na Lucy? Yeye alikuwa mtulivu tangu mwanzo. Baada ya upasuaji alianza kukasirika alipokosea, jambo ambalo hakuwa nalo kabla. Yaani kwa upande wa hasira kulikuwa na wanyama wawili, na kila mmoja alielekea njia yake. Utulivu wa Becky unaelezeka bila neno “tiba” hata kidogo: mnyama asiyekumbuka chakula kilikuwa chini ya kikombe gani hana cha kumkasirisha anapokikosa. Hasira inahitaji kumbukumbu ya kile ulichokuwa unakitarajia.

Wanadamu waliokuwa kwenye mada hiyohiyo

Ushahidi wa binadamu haukukosekana. Richard Brickner, daktari wa New York, alikuwa akimfuatilia kwa miaka mtu aliyefanya kazi katika soko la hisa, ambaye mwaka 1930 daktari wa upasuaji Walter Dandy alimwondoa uvimbe pamoja na sehemu kubwa za mbele za ubongo pande zote mbili. Katika mazungumzo mafupi mtu huyo alionekana mzima; wataalamu waliomtembelea waliweza kukaa naye zaidi ya saa moja kabla ya kugundua kuna kasoro. Lakini hakurudi kazini. Alijisifu ovyo, alishindwa kujizuia, na kila mpango aliouanza uliishia njiani.

Wilder Penfield wa Montreal, naye akiandika pamoja na Joseph Evans mwaka huohuo wa 1935, alieleza mwanamke aliyeondolewa sehemu kubwa ya mbele upande wa kulia kwa sababu ya uvimbe. Mwanamke huyo alikuwa dada yake Penfield. Zaidi ya mwaka baada ya upasuaji alipanga kumpikia chakula cha jioni mgeni mmoja na watu wanne wa nyumbani, kazi aliyokuwa ameizoea maisha yake yote. Saa ilipofika, vyakula vyote vilikuwa jikoni, kitu kimoja au viwili vilikuwa motoni, saladi haijatengenezwa, nyama haijaanzwa kupikwa, naye amesimama katikati, amechanganyikiwa na ana huzuni. Kila hatua peke yake aliiweza. Kuzipanga ziishie kwa wakati mmoja ndiko kulikomshinda.

Ukiweka mlo huo kando ya majukwaa mawili ya sokwe, unaona kitu kilekile. Mtu yeyote aliyesikiliza visa hivi vyote angepaswa kuondoka na hitimisho moja: ukiharibu sehemu hii, hasa pande zote mbili, unamnyang'anya mtu uwezo wa kushikilia lengo mpaka litimie, na uharibifu huo unajificha vizuri sana mbele ya daktari mwenye haraka.

Swali

Fulton alisimulia miaka kadhaa baadaye kwamba, hotuba ilipokwisha, Moniz alisimama na kuuliza: ikiwa kuondoa sehemu za mbele kunamzuia mnyama kupata mchafuko wa akili na kunamwondolea ghadhabu, kwa nini isiwezekane kuwatuliza kwa upasuaji binadamu wenye mahangaiko? Fulton alisema swali lilimshtua.

Moniz kwa upande wake aliandika kwamba wazo hilo lilikuwa limeanza kumjia kabla ya London. Wanahistoria wamebishana sana juu ya nani alimpa nani nini, na ubishi huo unatokana na kasoro moja ya kawaida ya mikutano: hotuba huchapishwa, maswali huyeyuka. Swali lililoulizwa mbele ya ukumbi, na jibu la mwasilishaji, ni sehemu ya matokeo ya kikao. Lisipoandikwa siku hiyohiyo, kila mtu atalikumbuka kwa namna inayompendeza. Katibu wa kikao anahitaji karatasi yenye safu tatu tu: nani ameuliza, ameuliza nini kwa maneno yake, na mwasilishaji amejibu nini. Waulizaji wakabidhiwe waisome na kurekebisha kabla ya kutoka mlangoni.

Tazama pia umbo la swali lenyewe. Lilianza na “ikiwa kunazuia”, likadhani tayari lile ambalo halijathibitishwa, kisha likarukia matibabu. Mwenyekiti mzoefu hulikata swali kama hilo vipande viwili. Kwanza humgeukia mwasilishaji: je, kunazuia? Kwa wanyama wangapi? Kipande cha pili hakiruhusiwi mpaka cha kwanza kijibiwe. Na jibu la kweli la kipande cha kwanza lilikuwa: kwa mnyama mmoja ndiyo, kwa mwingine kinyume chake.

Lisbon, Novemba

Moniz hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amezaliwa mwaka 1874, alikuwa amewahi kuwa mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Ureno, na mwaka 1927 alikuwa amebuni njia ya kupiga picha za mishipa ya damu ya ubongo kwa eksirei, ambayo ni mchango mkubwa usiobishaniwa. London alikwenda kuonyesha picha hizo, na meza yake ya maonyesho ilikuwa karibu na ya Mmarekani Walter Freeman. Hadhi ya mtu katika jambo moja humkinga asiulizwe katika jambo jingine. Hilo linaonekana katika kila hatua ya kisa hiki.

Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo, kwa hiyo upasuaji aliufanya daktari Almeida Lima kwa maelekezo yake. Tarehe 12 Novemba 1935 walimtoboa fuvu mwanamke wa miaka 63 mwenye huzuni kubwa na mahangaiko, wakadunga alkoholi katika nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu ya mbele na sehemu nyingine za ubongo. Hoja ya Moniz ilikuwa kwamba mawazo yanayong'ang'ania hutokana na miunganiko ya neva iliyoganda, na kwamba ukiikata, wazo linaachia. Hapakuwa na kipimo chochote kilichoweza kuonyesha miunganiko hiyo iliyoganda iko wapi, wala kama ipo.

Alkoholi ina tatizo linaloeleweka hata bila maabara: ikishaingia katika tishu, haikai pale ulipoiweka. Huenea, na hujui imeua kiasi gani. Baada ya wagonjwa wachache wakaiacha na kutumia chombo chembamba chenye waya uliofyatuka karibu na ncha. Kikizungushwa, waya ulikata kipande cha mviringo chenye upana wa kama sentimita moja. Walikiita lukotomu, na upasuaji ukaitwa lukotomia.

Machi 1936 Moniz alisimama mbele ya madaktari wa Paris na matokeo ya wagonjwa 20: 7 wamepona, 7 wamepata nafuu, 6 hawakubadilika. Tangu upasuaji wa kwanza ilikuwa imepita miezi minne. Kwa wagonjwa wa mwisho zilikuwa wiki chache tu. Sobral Cid, profesa wa magonjwa ya akili aliyekuwa akimpatia wagonjwa kutoka hospitali yake ya Lisbon, alikuja kukataa kumpa wengine na akaandika kuipinga njia hiyo. Yeye alikuwa ndiye anayeishi na wagonjwa baada ya upasuaji. Ukumbi wa Paris haukuwa na nafasi ya kumsikia.

Maswali yaliyokuwa yanangoja

Tuchukue hesabu ya 7, 7 na 6 kana kwamba imewekwa kwenye slaidi leo, na tumpe msikilizaji dakika kumi za maswali.

La kwanza ni muda. Mgonjwa alipimwa mara ya mwisho lini baada ya kupasuliwa? Ubongo uliojeruhiwa huvimba, na mgonjwa wa wiki ya kwanza au ya pili huwa mzito, mpole, mwenye usingizi. Mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele sasa amenyamaza. Muuguzi anaandika “ametulia”. Hali hiyo haitofautiani, kwa kuitazama tu kitandani, na nafuu ya ugonjwa. Ndiyo maana jedwali la kisa cha upasuaji wa ubongo linahitaji nyakati tatu kwa uchache: kabla ya upasuaji, baada ya uvimbe kuisha, na baada ya mwaka mmoja hivi. Mwasilishaji mwenye nyakati mbili tu aseme hivyo waziwazi kwenye slaidi ya kwanza, si ya mwisho.

La pili ni aina ya ugonjwa. Katika kundi la Moniz waliofaidika zaidi walikuwa wenye huzuni na mahangaiko. Wenye skizofrenia ya muda mrefu walibadilika kidogo. Huzuni kubwa ina tabia ya kuja kwa vipindi na kuondoka. Mgonjwa huchaguliwa kwa upasuaji akiwa katika hali mbaya kuliko zote, kwa hiyo hata asipofanyiwa kitu, uwezekano ni kwamba kipimo kinachofuata kitakuwa bora. Bila kundi la wagonjwa wa aina hiyohiyo ambao hawakupasuliwa, wakipimwa kwa nyakati zilezile, namba 7 haina maana ya dawa wala ya sumu.

La tatu ni nani aliyepima. Aliyetunga nadharia, aliyeamuru upasuaji na aliyesema “amepona” wasiwe mtu yuleyule. Na neno “amepona” lilihitaji maana kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa chumba cha upasuaji: amerudi nyumbani? Amerudi kazini? Au ameacha kulia? Mgonjwa wa kwanza alirudishwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

La nne ni gumu zaidi, na ndilo ambalo nyurosaikolojia, taaluma ya kupima akili na tabia kwa kuzihusisha na ubongo, ilizaliwa kulijibu: alipimwa kwa nini? Visa vya Moniz vimejengwa juu ya mazungumzo na maelezo ya kitabibu. Lakini tuseme mtu angeleta kipimo cha akili cha kawaida. Mgonjwa alikuwa na alama 98 kabla, sasa ana 104. Mwasilishaji anasema akili haikuguswa, pengine imeongezeka. Hesabu yake ni hii. Kipimo chenye wastani wa 100, mtawanyiko (umbali wa kawaida wa alama kutoka wastani) wa 15 na uthabiti (kiwango cha kutoa jibu lilelile kikirudiwa, ambapo 1 ni kamili) wa 0.90 kina kosa la upimaji la karibu alama 4.7. Ukilinganisha vipimo viwili, kosa la tofauti linafika karibu 6.7. Ili uwe na uhakika wa asilimia 90 kwamba mabadiliko ni ya kweli, unahitaji tofauti ya zaidi ya alama 11. Sita haitoshi. Ongeza kwamba mtu anayerudia kipimo kilekile hupata alama zaidi kwa kukizoea, na “ongezeko” linatoweka kabisa.

Kuna tatizo la ndani zaidi. Kipimo cha akili kinaendeshwa na mpimaji. Ndiye anayeanzisha swali, ndiye anayesema sasa tuendelee, ndiye anayefunga. Anamwazima mgonjwa sehemu ya mbele ya ubongo wake kwa saa nzima. Mwaka 1940 Donald Hebb na Penfield walieleza mgonjwa aliyeondolewa sehemu za mbele pande zote mbili na ambaye alama zake za akili hazikushuka. Matokeo hayo ni ya kweli, na ukiyasoma kwa pupa yatakupoteza. Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess waliwapeleka mtaani wagonjwa watatu wenye majeraha ya sehemu ya mbele na alama nzuri za akili, wakiwa na orodha ya vitu vya kununua, taarifa za kutafuta na kanuni chache za kufuata. Huko kasoro ikajitokeza: walivunja kanuni, walirudia maduka, waliacha kazi katikati.

Katika wodi za kwetu uchunguzi wa namna hii unawezekana kwa gharama ndogo. Mpe mgonjwa aliyezoea kupika kazi ya kuandaa wali, mchuzi na kachumbari, vyote viwe tayari kwa wakati mmoja, na fedha maalumu ya kununulia. Andika dakika aliyoanza kila kitu, mara ngapi aliacha kitu motoni akasahau, mara ngapi alihitaji kukumbushwa. Usimsaidie kwa maneno, “na mchele je?” tayari ni msaada, na lazima uhesabiwe. Kisha mpe kazi hiyohiyo ndugu yake wa rika na kiwango sawa cha elimu, maana bila mtu wa kulinganisha naye utaishia kumwita mgonjwa mtu ambaye ni mgeni tu wa jiko lako. Kazi hiyo haichukui nafasi ya vipimo rasmi, lakini mwasilishaji anayeileta kwenye mkutano wa kisa pamoja na alama za vipimo anawaonyesha wenzake kile ambacho dada yake Penfield alikipoteza.

Wazo lilivyosafiri

Walter Freeman alirudi Marekani, akasoma kazi ya Moniz, na tarehe 14 Septemba 1936, akiwa na daktari wa upasuaji James Watts, alifanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza nchini humo, jijini Washington, na huko ukaitwa lobotomia. Mwaka 1946 alianza kupitia juu ya jicho kwa chuma chenye ncha, bila chumba cha upasuaji. Mwaka 1949 Moniz alipewa Tuzo ya Nobel. Kufikia wakati kloropromazini, dawa ya magonjwa ya akili, ilipoenea katikati ya miaka ya 1950, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamefanyiwa upasuaji huo.

Tawi moja la safari hiyo lilifika Nairobi. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyekuwa amekabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938, alichapisha mwaka 1951 makala iliyomlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa lukotomia, akidai kufanana kwao mara nyingi ni kamili, na kwamba Mwafrika hatumii sehemu ya mbele ya ubongo wake ipasavyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kazi yake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Dai hilo ni la aibu, na kasoro yake ya kitaalamu ni ileile ya London. Orodha ya tabia, zikiwemo kutojali kesho, kutomaliza kazi na hisia za ghafla, ilichukuliwa kwa wagonjwa waliokatwa ubongo na kuwekwa juu ya watu waliotazamwa kutoka upande wa bwana, wengi wao wagonjwa wa hospitali moja ya kikoloni. Anayefanyishwa kazi asiyoitaka kwa ujira asioutaka ana sababu nyingi za kutoimaliza kabla hatujafika kwenye ubongo. Frantz Fanon, mwenyewe daktari wa magonjwa ya akili, alilijibu dai hili kwa ukali. Na Novemba 1961 Thomas Adeoye Lambo aliwakutanisha madaktari wa magonjwa ya akili huko Abeokuta, Nigeria, katika mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa taaluma hiyo, ambapo wagonjwa wa Kiafrika walizungumziwa na watu waliojua lugha zao na nyumba zao.

Vikombe

Matokeo ya vikombe, yale yaliyopimwa vizuri, yalibaki kazi ya watu wachache. Mwaka 1942 Robert Malmo aligundua kwamba nyani walioondolewa sehemu za mbele hufaulu vizuri zaidi taa zikizimwa wakati wa kusubiri. Kumbukumbu ilikuwa haijafutika yote; ilikuwa haina kinga dhidi ya kila kitu kilichopita mbele ya macho.

Mwaka 1971 makundi mawili, Joaquín Fuster na Garrett Alexander huko Los Angeles, na Kisou Kubota na Hiroaki Niki huko Japani, yalichapisha rekodi za umeme za seli mojamoja katika sehemu ya mbele ya ubongo wa nyani wazima wakiwa wanasubiri. Chakula hakionekani, mkono hausogei, na bado seli zilikuwa zinapiga mfululizo, sekunde baada ya sekunde, mpaka ruhusa ya kuchagua ilipotolewa. Ni nyuzi za seli hizo, kwa binadamu, ambazo waya wa Lisbon ulizikata.